UZI: Mtu wa Dodoma, likizo hii vuka maji uende Ukerewe na Ukara. Historia ya visiwa hivi ilipita mlangoni kwetu

mwana_haubi (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Shule zikikaribia kufungwa, humu jukwaani swali huwa ni lilelile: twende wapi na familia? Na majibu ni yaleyale: Zanzibar, Bagamoyo, Ngorongoro kwa mwenye nacho. Leo naleta hoja nyingine. Mtu wa Dodoma mwenye siku tano sita za kupumzika apande basi la Mwanza, avuke maji ya Ziwa Victoria, aende Ukerewe. Na akifika Ukerewe asiishie Nansio mjini, asogee mpaka Ukara. Nimetoka huko juzijuzi, na kilichonifanya nifungue uzi si mandhari peke yake, ingawa mandhari yapo ya kutosha.

Nianze na njia. Kutoka stendi kuu ya Nanenane mpaka Mwanza ni karibu kilomita 700, kwa hiyo hesabu kutwa nzima barabarani. Unapita Bahi kwenye mashamba ya mpunga, Manyoni, Singida mjini ambako ziwa Singidani na ziwa Kindai yote mawili yapo hapohapo pembeni ya mji, kisha unashuka mlima Sekenke na kuingia Igunga, Nzega, Tinde, Shinyanga. Ukipata siti ya dirishani angalia mawe. Yale majabali ya Singida yaliyobebana ndiyo utakayoyakuta Mwanza yakiwa yamesimama ndani ya maji. Ni mwamba uleule wa kale sana unaobeba katikati ya nchi hii.

Mwanza lala usiku mmoja. Kama una watoto, kesho yake asubuhi wapeleke Saanane kwanza. Ni kisiwa kidogo, boti dakika chache tu kutoka mjini. Kimepewa jina la mzee Saanane Chawandi aliyekuwa mwenyeji wake, kikafanywa bustani ya wanyama mwaka 1964, na tangu 2013 ni hifadhi ya taifa, ndogo kuliko zote tulizonazo. Pimbi, mijusi wa rangi mbili wanaoota jua juu ya mawe, ndege kibao. Nusu siku inatosha.

Halafu panda meli ya Nansio. Ni saa tatu hivi, au zaidi, kutegemea chombo na upepo. Kaa nje. Ziwa lenyewe lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na wilaya ya Ukerewe peke yake inahesabu visiwa 38. Kisiwa kikuu, chenye Nansio, ndicho kikubwa kuliko visiwa vyote vya maziwa ya Afrika.

Sasa nije kwenye kiini.

Karne ya 19, kabla ya reli, njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora ilikatisha Ugogo, nchi ya Wagogo, yaani hapa kwetu. Watemi wa Kigogo walitoza hongo, yaani ushuru wa kupita, na maji ya visima vya hapa yalilipiwa. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipita hapa mwaka 1857. Walipofika Kazeh, yaani Tabora ya leo, Burton akabaki mgonjwa, Speke akakata kwenda kaskazini, na tarehe 3 Agosti 1858 akalitazama ziwa kwa mara ya kwanza akiwa maeneo ya Mwanza. Wenyeji walikuwa wakilivua na kulivuka vizazi na vizazi. Yeye akaliandika kwa jina la malkia wake.

Lakini Wakerewe hawakumsubiri Speke ndipo waijue dunia. Tangu mwanzoni mwa karne ile walikuwa wakipeleka pembe za ndovu kupitia Usukuma mpaka Tabora, na kutoka Tabora kwenda pwani njia ilikuwa hii yetu. Pembe iliyotoka kwa mtemi wa Ukerewe ilipita hapa Ugogo mabegani mwa wapagazi, na shanga na nguo zilizompendeza zilipita hapahapa zikipanda kwake. Mimi nimekulia Kondoa na kusomea Dodoma, na sikumbuki mwalimu aliyenifundisha kuunganisha vitu hivi viwili.

Kuna uzi mwingine mwembamba zaidi, na huu watu wa Mpwapwa wausome vizuri. Mwaka 1876 chama cha kimisionari cha CMS cha Uingereza kilituma msafara kwenda kwa Kabaka Mutesa wa Buganda. Njiani ndipo kituo chao cha Mpwapwa kilipoanzia. Wengine wakasonga mbele hadi ziwani wakiongozwa na Luteni Shergold Smith. Daktari wao, John Smith, akafia Kageye, ufukweni mwa ziwa upande wa Mwanza, mwaka 1877. Desemba mwaka huohuo Shergold Smith na mwenzake Thomas O'Neill wakauawa Ukerewe na watu wa Mtemi Lukonge, pamoja na mfanyabiashara Songoro waliyekuwa na shughuli naye ya jahazi.

Wamisionari waliandika habari ile kwa upande wao, na Lukonge akabaki katika vitabu vyao kama mtu katili tu. Mimi nadhani haki inataka tumtazame pia kama mtawala mwenye nchi yake. Miaka miwili kabla, mwaka 1875, mpelelezi Stanley alipita kwake akapewa mitumbwi ya kuendelea na safari. Mtu huyo hakuwa na chuki na wageni kwa sababu tu ni wageni. Ugomvi wake ulikuwa na Songoro, na wale wawili wakasimama upande wa Songoro, ndani ya himaya ya mtu mwingine. Nenda Bukindo, ilipo nyumba ya ghorofa ya watemi, usimame pale nje uitazame nchi ilivyokaa. Utaelewa kwa nini mtu aliyetawala hapa hakuzoea kuambiwa la kufanya.

Nitarudi na Ukara. Ukara inahitaji nafasi yake.

---

Binti_Bahi

Kaka asante kwa uzi. Mimi nina watoto wawili na mama mzazi, tunataka kwenda wote. Ila mama akisikia Ukara anasema neno moja tu: MV Nyerere. Nimjibu nini?

---

mwana_haubi

Dada yangu, usimjibu kwa kumwondoa hofu. Mama ana haki.

Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya Alhamisi, kivuko cha MV Nyerere kilitoka Bugolora upande wa Ukerewe kwenda Ukara. Ilikuwa siku ya gulio Bugolora, watu wanarudi nyumbani na magunia yao. Kivuko kilisajiliwa kubeba watu 101. Kilipinduka kikiwa kimebakiza mita chache kufika gati la Bwisya, watu wa nchi kavu wakiona kwa macho. Walikufa watu 228. Waliookolewa ni 41. Fundi mmoja wa kivuko alitolewa hai baada ya siku mbili akiwa ndani ya chombo kilichopinduka, kwenye sehemu iliyobaki na hewa.

Nimefika Bwisya. Makaburi yapo karibu na maji, yamepangwa kwa mistari. Kijana aliyenipeleka alinionyesha kwa kidole mahali kivuko kilipolalia, na ni karibu kiasi kwamba mtu akikuita kutoka pale unasikia. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ajali ile haikuwa ya mawimbi wala ya masafa. Ilikuwa ya hesabu: watu wangapi, mzigo kiasi gani, umekaa upande upi.

Kwa hiyo kwa mama mwambie hivi. Siku ya gulio msivuke jioni pamoja na umati. Chombo kikijaa, acheni kiondoke, subirini kingine, hata kama mtalala Bugolora. Vaeni maboya mkiwa bado gatini, na ya watoto yawe ya kuwatosha watoto. Msikubali kupanda mtumbwi wa injini kwenye mwalo (mahali pa kutua boti) usio rasmi kwa sababu tu ni haraka. Pale mwalo mmoja nilishuhudia boti ikipakia baiskeli, mbuzi, magunia ya udaga (mihogo iliyokaushwa) na abiria ambao sikuweza kuwamaliza kuhesabu, na hakuna hata mmoja aliyefungiwa boya. Nikarudi nyuma. Na asubuhi kabla ya kutoka, sikilizeni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Huwa wanatoa taarifa ya upepo na mawimbi ziwani. 

---

NzuguniKwetu

Mkuu nimeweka kambi hapa. Shusha Ukara.

---

mkerewe_wa_kagunguli

Nimefurahi kuona mtu wa Dodoma anaandika habari zetu kwa heshima. Niongeze machache kabla mleta uzi hajaendelea.

Kwanza, mkifika kisiwani msikimbilie picha. Kijijini salimieni wazee, ulizeni, mtakaribishwa. Bukindo kuna watu wenye kumbukumbu za ukoo wa Wasilanga uliotawala, na simulizi ya mababu zao kuja kwa mitumbwi kutoka Ihangiro upande wa Bukoba chini ya Katobaha. Simulizi hiyo ni ndefu, ina majina na vituo, na haisomwi kwa haraka. Mtu akikusimulia, kaa chini.

Pili, Kagunguli. Watu wanapita kwenye parokia yetu wanaona kanisa la zamani wanaondoka. Hapa ndipo alipoishi mzee Aniceti Kitereza. Alizaliwa 1896, akasoma hapa kisha seminari ya Rubya, akajua Kilatini, Kigiriki, Kijerumani na lugha nyingine, akarudi nyumbani akawa katekista. Aliona mila za Wakerewe zinayeyuka, akakaa akaandika kwa Kikerewe habari za mume na mke waliokosa mtoto, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, na ndani yake akatia kila kitu: namna ya kuposa, kutibu, kulima, kuvua, kutengeneza pombe, kuzika. Mswada aliumaliza mwaka 1945. Hakuna aliyekubali kuuchapa kwa Kikerewe. Alikaa nao zaidi ya miaka thelathini, na katika uzee wake, vidole vimekakamaa kwa ugonjwa wa viungo, akauandika upya wote kwa Kiswahili. Kitabu kilichapwa kikiwa na tarehe ya 1980. Mzee akafariki 1981, kabla nakala hazijamfikia mkononi.

Mimi nikikutana na mgeni anayejua jina hilo, namkaribisha nyumbani. Ningependa kila mwalimu wa Kiswahili anayekuja huku apite Kagunguli kwa sababu hiyo tu.

Tatu, chakula. Ugali wa udaga na sato wa kuchemsha. Machungwa ya Ukerewe msiondoke bila kuyaonja. Wazee watawaambia kuhusu furu na ningu, samaki waliokuwa wengi kabla sangara hajapandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960. Sangara ameleta fedha na viwanda, ila furu wa aina nyingi sana wametoweka, na ladha yao imebaki midomoni mwa watu wa umri wa baba yangu.

Nne, kama mnaweza kuchagua tarehe, njooni wakati wa giza la mwezi. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanapumzika kwa sababu taa haishindi mwezi. Giza likiwepo, mkikaa ufukweni mtaona taa zimejipanga ziwani mstari mrefu, na asubuhi dagaa wameanikwa.

---

mwl_Mpwapwa

Habari ya msafara wa 1876 nimeisoma mara mbili. Nafundisha historia kilomita chache kutoka kilipoanzia kituo hicho na wanafunzi wangu wanajua Mpwapwa ni mji mkongwe, basi. Muhula ujao hili naliingiza darasani, pamoja na Lukonge kama mtawala. Ubarikiwe.

---

mwana_haubi

Mzee wa Kagunguli, asante sana, umeandika jambo ambalo mimi nisingeweza kuliandika.

Haya wakuu, Ukara.

Ni kisiwa kidogo, kilomita za mraba kama 80 hivi, kaskazini mwa Ukerewe. Mchanga wa miamba, mawe kila upande, udongo ambao ukiushika unapukutika vidoleni. Mtu wa kilimo akiuona atasema hapa haliwezi kuishi kundi kubwa la watu. Miaka ya 1960 tayari Ukara ilikuwa na watu takribani 200 kwa kila kilomita ya mraba, wakijilisha kwa mashamba yao wenyewe. Waingereza walishangaa, wakaja kuandika kuanzia miaka ya 1930, na mpaka leo Ukara inatajwa na wataalamu wa kilimo duniani kote. Sisi tulio jirani hata jina lake hatulitaji.

Walifanyaje? Nieleze nilichoonyeshwa, na nilichosoma kabla ya kwenda.

Ng'ombe wa Mkara hazururi. Anafungwa ndani, kwenye shimo lililochimbwa ndani ya nyumba au kibandani, na majani yanamfuata. Niliingia kwenye kibanda kimoja Ukara: giza kidogo, joto la mnyama, na ng'ombe amesimama chini ya usawa wa sakafu kiasi kwamba mgongo wake ulikuwa kwenye magoti yangu. Kila siku anatupiwa majani, anakula, anayobakiza anayakanyaga pamoja na mavi na mkojo wake. Shimo linajaa polepole, ng'ombe anapanda nalo. Likijaa linachimbwa, samadi inabebwa kwa vikapu kichwani mpaka shambani. Mama mwenye nyumba alichota kiganja akanipa ninuse. Ilikuwa nyeusi, imeiva, haina harufu kali hata kidogo.

Majani yenyewe yanalimwa. Kando ya ziwa wamechimba vishimo mpaka kukaribia maji, humo wanaotesha majani ya mifugo hata kiangazi. Shambani, uwele unapandwa na katikati yake wanatia marejea, mmea wa jamii ya kunde. Uwele ukivunwa, marejea yanabaki yanakua, kisha yanafukiwa ardhini kuwa mbolea. Miteremko imezuiwa kwa kuta za mawe. Miti ina wenyewe, mmojammoja, hata ukiwa shambani kwa mtu mwingine. Hakuna kinachopotea: jani, tawi, mavi, majivu.

Sasa mimi ni mtoto wa Haubi, Kondoa. Wanaojua wanajua. Milima yetu ilichimbika makorongo ya kumeza nyumba, mchanga ukashuka mpaka kulifikia ziwa letu. Mwaka 1973 serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo yote ikaamriwa kutoka katika eneo lililoharibika. Nyumbani kwetu wanazungumzia mwaka ule kama mwaka wa msiba. Majani yakarudi, miti ikarudi, hilo ni kweli na kila anayepita leo anaona. Ng'ombe hawakuruhusiwa kurudi mpaka baada ya miaka kumi, 1989, kwa sharti la kufugwa ndani na kuletewa majani.

Yaani tulichokuja kufundishwa na wataalamu mwaka 1989, Wakara walikuwa wakikifanya kabla Mzungu wa kwanza hajatia mguu kisiwani kwao. Nilisimama mbele ya lile shimo nikawafikiria wazee wangu. Ningekuwa na uwezo, kila mkoa wa kati ungepeleka Ukara wakulima wake na maofisa ugani, wakae wiki nzima, washike samadi ile kwa mikono yao.

---

mzee_wa_Kolo

Mwanangu, umeandika vizuri, ila nikurekebishe kwa upendo. Mimi nilikuwepo 1979. Ng'ombe walitoka kwa amri, na sisi wenye ng'ombe tuliwafuata, wengine mpaka Kiteto. Tusilinganishe kirahisi. Mkara amezungukwa na maji, hana pa kwenda. Sisi tulikuwa na nchi pana. Mtu mwenye nchi pana kwa nini abebe samadi kichwani? Na nimesikia hata hao Wakara wakihamia bara wanaacha hayo yote wanalima kama sisi. Ni kweli au si kweli?

---

mwana_haubi

Shikamoo mzee wangu.

Ni kweli, na imeandikwa. Wakara waliohamia bara, wakapata ardhi tele, wengi waliacha kubeba samadi na kufungia ng'ombe. Kazi ile ni nzito mno. Mtu haifanyi mpaka ardhi imemlazimisha. Hata kisiwani siku hizi vijana wengi wako kwenye dagaa na sangara, na shimo la ng'ombe hukuti kila nyumba.

Lakini mzee, ndiyo maana nasema tuwatazame sasa. Nchi yetu ya kati haiko pana tena. Toka Dodoma mjini uende Chamwino, Kongwa, Bahi, utakuta mashamba yamegusana. Wafugaji na wakulima wanagombana kila kiangazi. Mipaka imeshatufikia bila ya maji kutuzunguka. Wakara waliishi na mipaka hiyo miaka mingi, hakuna aliyewaamuru kwa bunduki wala kwa barua, wakatunga sheria zao wenyewe za nani anakata jani wapi na mti huu ni wa nani. Hiyo ndiyo sehemu ninayotaka tuige, kwamba sheria ilitoka kwa wenye shamba. Yaliyowapata ninyi mwaka 1979 nayajua kwa masimulizi ya nyumbani, na siyasahau.

---

mzee_wa_Kolo

Marahaba mwanangu. Hapo kwenye sheria kutoka kwa wenye shamba tumeelewana. Siku ukirudi huko unipitie Kolo, nauli ya basi nitajilipia mwenyewe.

---

NzuguniKwetu

Uzi umekuwa mtamu. Nisaidie mambo ya kawaida mkuu: malazi, pesa, kuogelea. Na je, asiye na siku tano afanyeje?

---

mwana_haubi

Malazi Nansio yapo, nyumba za wageni za kawaida, safi, watu wakarimu. Ukara ni kwa uchache sana. Ulizia mapema ukiwa Nansio. Beba fedha taslimu za kutosha na salio la simu, usitegemee kupata kila huduma kisiwani. Ndani ya Ukerewe utazunguka kwa bodaboda au baiskeli. Ukipata muda panda kilima cha Handebezyo, unaona visiwa na maji pande zote. Nauli sizitaji hapa kwa kuwa zinabadilika; ulizia kituoni, kata tiketi dirishani, usimpe mtu wa njiani.

Kuogelea: usiingie maji ya ukingoni yenye majani na konokono. Kichocho kipo kanda ile kwa wingi, na watoto ndio wanaoathirika zaidi kwa kuwa ndio wanaocheza majini. Mkishagusa maji na baadaye mtoto akakojoa damu au akaumwa tumbo kwa muda mrefu, nendeni hospitali mwambie daktari mlikuwa ziwani, dawa zipo. Mamba na viboko pia wapo, usichote maji wala kunawa mahali ambapo wenyeji hawachoti. Vyandarua muhimu, malaria ya kanda ya ziwa si ya kuichukulia kirahisi.

Asiye na siku tano aende Singida mwisho wa wiki. Singidani na Kindai ni maziwa ya maji ya chumvi, msimu ukiwa mzuri kuna heroe wengi, na jua likizama nyuma ya yale mawe hutajuta. Hombolo nayo ipo hapahapa kwetu, bwawa la mwaka 1957, ndege wengi na samaki wa kula palepale. Na ziwa Haubi kwetu karibuni sana, mkipitia michoro ya miambani ya Kolo iliyoingizwa urithi wa dunia mwaka 2006. Yote ni mazuri. Ila visiwa hayana, na Ukara ni moja tu.

---

Binti_Bahi

Kaka, nimemsomea mama uzi wote mpaka kwa mzee wa Kolo. Amekubali, kwa sharti moja: hataki saa tatu za meli. Anasema maji yawe mafupi kadiri inavyowezekana. Kuna njia?

---

mwana_haubi

Ipo dada, na kwa mnaotoka huku kwetu si ndefu sana kuizunguka. Msiende Mwanza. Mkishapita Shinyanga mjini, pale Mwigumbi mnaacha barabara ya Mwanza mnakata kulia, mnapita Maswa, Bariadi, mnatokea Lamadi, ni lami. Kutoka Lamadi mnaenda Bunda, kisha Kisorya. Pale Kisorya mnavuka mlango mwembamba wa maji kwa kivuko mpaka Rugezi, muda mfupi tu na ng'ambo inaonekana, halafu gari hadi Nansio.

Safari hiyo haitoshi kwa siku moja mkiwa na watoto. Laleni Bariadi au Bunda, mtoke alfajiri, mfike Kisorya mapema. Mkichelewa mkakuta foleni ya malori, kuweni wavumilivu, mama akae kivulini na watoto wale. Saanane mtaikosa kwenda, mtaipitia wakati wa kurudi kama mama atakuwa ameshayazoea maji.

Ukara mwamue mkiwa kisiwani. Mwacheni mama aione Bugolora kwanza, akikaangalie kivuko mwenyewe, aamue. Na Kagunguli msiipite: mwenyeji tunaye humuhumu jukwaani.

---

mkerewe_wa_kagunguli

Nipo. Dada, ukijua tarehe niandikie ujumbe wa faragha. Mama asije na wasiwasi wa chakula, sato wake nitamtafutia mimi.